Shule ya Maji: Habari za Michezo ya Bahari katika Miji ya Pwani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za michezo ya majini katika miji ya pwani, yaani kuogelea, kupiga mbizi, na kushindana kwa ngalawa. Twajua ya kuwa wengine watacheka. Watasema, Mwalimu wa Nyahanga ana nini na bahari? Hapa kwetu Kahama hatuna pwani wala mawimbi, na hata kulifikia Ziwa ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Tena wahenga wamekwisha kusema kwamba mpiga mbizi nchi kavu huchunua usowe. Je, si sisi ndio hao wapiga mbizi wa nchi kavu?

Twajibu kwamba tunazo sababu mbili za kuisema habari hii. Sababu ya kwanza ni kwamba bahari si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Katika karne ya 19 babu zetu Wanyamwezi na Wasukuma walichukua mizigo ya pembe mabegani, wakatembea miezi mingi hata wakafika Bagamoyo. Huko waliyaona maji yasiyo na ng'ambo, wakarudi wakawasimulia wenzao nyumbani.

Sababu ya pili ni kwamba maji yenyewe yametufuata. Mwaka 2009 yalifunguliwa mabomba makubwa yanayovuta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, katika Misungwi, hata Shinyanga na Kahama. Kabla ya hapo, na hata sasa, yako malambo tuliyochimba kwa ajili ya ng'ombe wetu na mashamba yetu ya mpunga, na yako mashimo ya wachimbaji wa dhahabu yanayojaa maji wakati wa mvua. Na kila msimu wa mvua husikiwa habari ya mtoto aliyekwenda kuchota maji au kunywesha ng'ombe, asirudi. Sisi wenyewe tumepata kusimama mbele ya darasa ambalo dawati moja lilikuwa tupu kwa sababu hiyo, nasi tusijue la kuwaambia wenzake.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza swali moja. Kwa nini mtoto wa Unguja mwenye miaka saba hurukia maji yanayompita kimo, akatoka akicheka, na mtoto wetu mwenye miaka kumi na minne hufa katika lambo lisilozidi kimo cha mtu mzima? Je, damu yao ni nyingine? Hasha. Jawabu limo katika historia, na ndiyo maana tunaomba mtusikilize kwa muda mfupi.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ni ghala ya mambo ya kale. Kiswahili kina neno kuoga, yaani kuusafisha mwili kwa maji, na kutoka katika neno hilo limezaliwa neno kuogelea, yaani kwenda juu ya maji kwa nguvu ya mikono na miguu. Basi aliyeoga baharini kila siku tangu utoto, mwisho alijikuta anaogelea. Hakutengewa saa ya kufundishwa, wala hakulipa ada. Bahari yenyewe ilikuwa darasa, na watoto wakubwa walikuwa waalimu wa wadogo.

Darasa hilo lina taratibu zake. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa katika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hupata mita 3 hata 4. Katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Tena ziko pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi huvuma katika miezi ya katikati ya mwaka. Mtoto wa pwani huyajua hayo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu mchezo wake wote hutegemea mambo hayo. Akiruka kutoka ukutani maji yamepwa, atavunjika shingo. Akienda mbali maji yanapokupwa kwa nguvu, mkondo utamchukua.

Tazameni pia mchezo wa watoto wadogo. Huchukua kipande cha mti au kumbi la nazi, wakalichonga mfano wa chombo, wakakitia mlingoti wa kijiti na tanga la kitambaa, kisha wakashindana katika vidimbwi vilivyoachwa na maji. Mtu mzima akipita husema, watoto wanacheza. Lakini watoto wale wanajifunza ya kuwa tanga likiwa kubwa mno chombo hupinduka, na uzito ukiwa upande mmoja chombo huenda mshazari. Wahenga walisema, vyombo vyaelea vimeundwa, na kuunda huko huanza katika vidimbwi hivyo.

Sasa twende katika mambo ya kale sana. Yapata miaka elfu mbili iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kiyunani alitunga kitabu kidogo cha kuwaongoza wenye vyombo, nacho hujulikana kwa jina la Periplus. Katika habari za pwani yetu alisema kwamba wenyeji walikuwa na mitumbwi ya gogo moja, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Vyombo vya kushonwa viliendelea kuundwa kwa karne nyingi, na cha mwisho kujulikana kiliitwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka.

Ama mtumbwi wa gogo ulipata msaada mkubwa uliougeuza kuwa ngalawa. Ngalawa huchongwa katika gogo, na mwembe ndio mti upendwao. Chombo hicho ni chembamba sana, na lau kingeachwa hivyo kingepinduka mara moja kikipandishwa tanga. Kwa hiyo hufungwa miti miwili ya kukingama, na katika ncha zake, kulia na kushoto, hutiwa mbao za kuelea ziitwazo matengo. Mbao hizo hukizuia chombo kisilale. Wataalamu wengi husema kwamba akili hii ilikuja kutoka visiwa vya Indonesia, pamoja na watu wale wale ambao jamaa zao walikwenda kukaa Bukini, yaani Madagaska. Hivyo mvuvi maskini wa Kizimkazi au wa Kunduchi, asiyepata kuona ramani, huchukua chini ya miguu yake urithi wa bahari nzima.

Iko habari moja inayoonyesha vizuri ustadi wa watu wa pwani katika kuogelea. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Wareno, zikiongozwa na Vasco da Gama, zilifika Mombasa. Mwenyeji na mgeni hawakuaminiana. Wareno walikuwa na marubani waliowapata Msumbiji, na merikebu zilipojaribu kuingia bandarini na kushindwa kugeuka, marubani wale walijitupa majini wakaokolewa na mashua za wenyeji. Usiku ule Wareno waliwatesa kwa mafuta ya moto watu wawili waliobaki mikononi mwao, ili waseme kama Mombasa ilikuwa na hila. Mmoja wao, mikono yake ikiwa imefungwa, alijitupa baharini, na mwenziwe akafanya vivyo hivyo kabla ya mapambazuko.

Yapata usiku wa manane mitumbwi miwili iliyojaa watu ilikaribia kimya kimya. Ilisimama mbali kidogo, watu wakashuka majini, wakaziogelea merikebu gizani. Walinzi wa zamu waliona kitu kikienda majini wakadhani ni samaki jodari, wakanyamaza. Kumbe wale watu walikuwa wamekwisha kuifikia kamba ya nanga ya merikebu moja, nao wameanza kuikata, ili mkondo uichukue merikebu na kuipeleka mwambani. Wengine walikuwa wameshika kamba za mlingoti wa nyuma wa merikebu ya pili. Walinzi walipogundua wakapiga kelele, nao wakajiachia majini taratibu, wakairudia mitumbwi yao na kukimbia. Habari hii haikuandikwa na mtu wa Mombasa kwa kujisifu. Iliandikwa na Mreno aliyekuwamo safarini.

Fikirini ustadi ule. Kuogelea usiku, katika mkondo wa bandari, bila kurusha maji, hata mlinzi akudhanie samaki. Kisha kufanya kazi ya kisu huku unaelea! Mambo hayo hayajifunzwi katika siku moja ya vita. Hujifunzwa katika michezo ya miaka kumi. Na mjue ya kuwa mabaharia wengi wa Ulaya wa zamani zile hawakujua kuogelea kabisa. Mtu akianguka kutoka merikebuni, mara nyingi ndio ulikuwa mwisho wake. Ilikuwa mwaka 1875 tu ndipo Mwingereza Matthew Webb alipouvuka kwa kuogelea mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa bila msaada wa kitu cha kumwelesha. Alikaa majini karibu saa 22, na nchi nzima ikamshangilia. Tangu hapo Wazungu wakaufanya mchezo huo kuwa somo, na leo katika Uingereza imeandikwa katika mpango wa masomo kwamba mtoto amalizapo shule ya msingi sharti aweze kuogelea walau mita 25. Tukumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Watu wa pwani hawakuingia baharini kwa kazi na vita peke yake. Waliingia pia kwa furaha na ibada ya mila. Iko sikukuu ya kale iitwayo Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ambayo asili ya hesabu yake husemwa ni Uajemi. Mwaka wake ni wa siku 365, haufuati mwandamo wa mwezi. Zamani katika miji mingi ya pwani watu walishuka baharini siku hiyo wakaoga, ili kuuacha mwaka wa zamani na uchafu wake ndani ya maji. Makunduchi, kusini ya Unguja, sikukuu hii ingali hai, nayo huitwa Mwaka Kogwa, kwa sababu ya huko kukoga. Hufanywa mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa mapande ya migomba hata hasira zote za mwaka ziishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba wakizunguka. Ni kama kusema kwamba ugomvi umepigwa, mabaya yameungua, na maji yameosha yaliyobaki.

Lamu nako iko furaha yake. Alim mkubwa Habib Saleh, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha karibu na mwaka 1900, aliifanya Maulidi ya mji ule kuwa mashuhuri katika pwani nzima. Katika siku za Maulidi hayo, mwezi wa Mfungo Sita, wageni hukusanyika kutoka mbali, na pamoja na kusoma na kuswali huwa yako mashindano: mbio za punda, kuogelea, na mashindano ya vyombo vya tanga. Basi wale wanaosema kwamba dini na michezo ni maadui, waende wakatazame Lamu.

Sasa tuwaeleze kidogo jinsi mashindano ya ngalawa yalivyo, kwa kuwa wengi wenu hamjayaona. Vyombo hupangwa mstari mmoja ufukoni au majini, matanga yakiwa yameshushwa. Ishara ikitolewa, watu husukuma, huruka ndani, nao huvuta henza kulipandisha tanga. Tanga la ngalawa ni la pembe tatu, limefungwa katika mti mrefu uitwao foromali. Mmoja hushika usukani, mwingine hushika demani, yaani kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga, na mwingine hukumba maji yaingiayo chomboni. Upepo ukiwa mkali, mtu mmoja hutoka nje kabisa, akapanda juu ya miti ya kukingama upande ule upepo utokako, ili uzito wake uzuie chombo kisilale. Miguu yake hupigwa na mawimbi, naye hana cha kushika ila kamba.

Kwenda na upepo ni kazi nyepesi. Akili huonekana wakati wa kurudi, upepo ukiwa usoni. Hapo chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja. Sharti kipige bisha, yaani kiende mshazari upande huu, kisha kigeuke kiende mshazari upande ule, mfano wa mtu apandaye mlima kwa njia ya kuzungukazunguka. Nahodha mwenye haraka hugeuza mapema mno, akapoteza mwendo. Nahodha mwoga huchelewa kugeuza, akaachwa. Ashindaye ni yule aliyeujua mkondo, akasoma rangi ya maji, akaona upepo unavyokunja uso wa bahari kabla haujamfikia. Na ngalawa ikipinduka, jambo ambalo hutokea, hakuna mayowe. Watu hushika chombo chao, hukigeuza, huyatoa maji, nao huendelea huku watazamaji wakicheka. Kuanguka majini kwao ni aibu ndogo tu. Kwetu sisi wa bara kungekuwa ni mauti.

Lakini tusiisifu pwani kupita kiasi. Shule hii ya maji haikuwapokea watu wote sawasawa. Wanawake, kwa mfano, walikwenda mwambani maji yalipokupwa, wakatafuta pweza na chaza, lakini wengi wao hawakufundishwa kuogelea, kwa kuwa haikuonekana heshima mwanamke kuonekana na nguo zilizolowa. Wenye mali walikuwa na njia yao. Binti Salme, mtoto wa Sultani Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1886 habari za mabirika makubwa ya kuogea katika jumba lile, ambamo wakazi walipitisha saa nyingi. Sultani Said alijenga na hamamu ya Kidichi mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Lakini mke wa mvuvi hakuwa na birika wala ukuta wa kumsitiri. Aliishi miaka sitini kando ya bahari, naye akafa bila kujua kuelea.

Zamani za utawala wa wageni mlango mwingine ulifungwa. Katika Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima, serikali ya Waingereza iliugawa mji sehemu tatu mwaka 1924. Watu wakazizoea kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni ndiko kulikopata upepo mzuri wa bahari. Vilabu vya vyombo vya tanga vilianzishwa, navyo vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliyeonekana humo kwa kawaida alikuwa mpishi, mlinzi, au mtu wa kuosha vyombo. Angalieni mambo ya dunia! Watu ambao babu zao walivuka bahari kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, wakawa ndio wanaovuta kamba ili bwana mwingine ajifunze kusafiri kwa tanga. Na neno mchezo wa maji likaanza kumaanisha jambo la wenye fedha, lenye ukuta, na kadi, na mavazi yake.

Hata hivyo watoto hawakuzuilika. Mpaka leo, maji yakijaa jioni, vijana wa Mji Mkongwe hukimbia juu ya ukuta wa Forodhani, wakajirusha wakipinduka hewani mara moja au mara mbili kabla ya kuingia majini, na wageni husimama kuwatazama. Pwani ya Coco, Dar es Salaam, iliyo katika mtaa wa Oysterbay uliojengwa zamani kwa ajili ya Wazungu, siku za sikukuu hujaa watu wa kila mtaa. Na ule mlango wa wanawake nao umeanza kufunguka. Katika kijiji cha Nungwi, kaskazini ya Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakivaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na baadhi yao wamekuwa waalimu wa wenzao. Binti wa Kitanzania, Magdalena Moshi, aliogelea katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na tena katika ile ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Basi tusiambiwe kwamba maji si mahali pa wanawake.

Wasikilizaji wetu, sasa tumefika mahali pa kusema mambo mazito. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, na huko nako wakafa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, katika Ziwa Viktoria. Watu zaidi ya 220 walikufa, na nchi kavu ilikuwa machoni pao.

Hatusemi kwamba wote wale wangeokoka lau wangalijua kuogelea. Kusema hivyo kungekuwa kuwasingizia marehemu. Aliyefungiwa ndani ya chombo kilichopinduka, ustadi wake hufaa kidogo sana, na kati ya waliokufa mwaka 2011 walikuwamo watu wa visiwani waliozaliwa kando ya bahari. Kosa la kwanza ni la chombo kupakiwa watu na mizigo kupita kipimo chake, na dawa yake ni sheria na usimamizi. Lakini vifo vingi vya majini havitokei katika meli kubwa, wala haviandikwi magazetini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji katika dunia nzima, na robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Wengi hufa katika mito, madimbwi, visima na malambo karibu na nyumbani kwao. Wahenga walinena kweli, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mtoto asiyejua kuelea, lambo letu ni bahari.

Turudi basi katika swali letu la mwanzo. Mtoto wa Unguja hutoka majini akicheka kwa sababu babu zake waliyafanya maji kuwa mahali pa mchezo, na mchezo ukawa shule. Mtoto wetu hufa kwa sababu sisi tuliyafanya maji kuwa mahali pa katazo tu. Twamwambia usiende lambo, kisha jioni twamtuma lambo kunywesha ng'ombe. Tumemfundisha kuogopa, hatukumfundisha kujua.

Twakiri ya kuwa jambo hili si jepesi kwetu kama lilivyo pwani. Maji ya lambo na ya kando ya Ziwa yana konokono wanaoleta kichocho, ugonjwa usiopatikana katika maji ya chumvi. Ziwani wako mamba na viboko. Lambo lina matope yashikayo miguu, na shimo la mchimbaji halina ufuko, bali ukuta unaoporomoka. Kwa hiyo hatuwaambii ninyi wanafunzi mwende kesho mkajitupe malamboni kwa kuiga watoto wa Forodhani. Huko kungekuwa kuiga mchezo na kuiacha elimu yake.

Twasema hivi. Kwanza, wazee wa kila kijiji na wauzungushie uzio wa miiba upande wa lambo ulio na kina, wakaacha njia moja ya kuchotea maji na nyingine ya ng'ombe. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yafukiwe. Pili, palipo na maji safi, na mtu mzima ajuaye, watoto wa kike na wa kiume wafundishwe kwanza kuelea chali, katika maji yasiyopita kifua, kabla ya kufundishwa kwenda mbele. Ajuaye kuelea hata kwa dakika chache amepata nafasi ya kupiga kelele na kusaidiwa. Tatu, kila mtoto ajue ya kuwa mwenzake akizama, asimrukie, kwa maana mfa maji haachi kutapatapa, naye atamshika mwokozi wake wakafa wote wawili. Na amtupie kamba, au ampe mti mrefu, au amrushie dumu tupu lililozibwa mdomo, huku akiita watu.

Hayo hayahitaji kilabu wala bwawa la fedha nyingi. Yahitaji tu tukubali jambo ambalo watu wa pwani walilijua zamani, kwamba mtoto hulindwa na elimu kuliko na woga. Babu zetu walipofika Bagamoyo na mizigo yao, tunaweza kudhani ya kuwa walisimama mchangani wakawatazama watoto wa wavuvi wakicheza mawimbini, wakastaajabu, kisha wakageuka kurudi nyumbani. Walibeba nguo, na shanga, na chumvi. Elimu ile ya maji hawakuibeba, kwa kuwa hawakuona itawafaa nini huku nyikani. Sasa maji yametufikia hapa hapa Nyahanga, nasi hatuna udhuru tena wa kuiacha.